Diski ya Saba ya Mzee Nojiri

Kibao cha duka la Kurihara Tamotsu kilikuwa na majina mawili. La juu, kwa herufi kubwa nyekundu, lilikuwa la kampuni. La chini, dogo na jeusi, ndilo lake. Mkataba ulitaka hivyo tangu enzi za baba yake: duka liuze bidhaa za kampuni ile peke yake, nayo kampuni itoe kibao, kalenda za mwaka mpya, na safari moja kila mwaka ya kwenda kuoga maji ya moto milimani na kulewa kwa heshima. Kwa miaka thelathini Kurihara hakuona ubaya wowote katika mpango huo. Jokofu ni jokofu, taa ni taa. Mtu wa Himi, mji wetu mdogo wa Japani, akitaka mashine ya kufulia alikuja, akaketi, akanywa chai, kisha akasema maneno yale wanayoambiwa pia daktari wa meno na muuza samaki: "Nakuachia wewe, fundi."

Ndipo zikaja diski mpya.

Zilikuwa za aina mbili, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Zote zinang'aa, zote zinaahidi picha safi kuliko ile unayoiona dirishani. Lakini diski ya HD DVD ukiitia kwenye deki ya Blu-ray haisomeki, na ya Blu-ray ukiitia kwenye deki ya HD inatemwa kama dawa chungu. Makampuni yaligawanyika pande mbili, yakavimbiana vichwa, na mnunuzi akaachwa katikati achague mwenyewe nani atabaki hai. Kampuni ya Kurihara ilikuwa upande wa HD. Wiki ya kwanza ya Januari mwaka 2008, studio moja kubwa ya filamu huko Marekani ikahamia upande wa pili. Kurihara aliisoma habari hiyo gazetini, supu ya mwaka mpya ikimpoa mbele yake, akajua mchezo umekwisha. Akalikunja gazeti na kulisukuma chini ya mto wa kukalia, kana kwamba mkewe Yasuyo hajui kusoma.

Siku tano baadaye Mama Nojiri alisukuma mlango wa duka, theluji mabegani.

Alikaa nyumba ya nne kutoka pale. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mdogo wa umbo, na chini ya kwapa alibeba kopo la biskuti za mchele lililofungwa kwa kitambaa. Alilifungua juu ya kaunta. Ndani hamkuwa na biskuti. Mlikuwa na kanda kumi na moja za kamera, zile ndogo za zamani, kila moja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa mumewe.

Habari za mumewe Kurihara alikuwa nazo, kama mtaa mzima. Nojiri Kanji, aliyekuwa fundi wa milango ya kuteleza, akili yake ilikuwa inamtoka kidogo kidogo tangu masika yaliyopita. Mara mbili alikuwa ameokotwa kwenye ngazi za hekalu, kandambili za ndani miguuni, theluji vifundoni, akifoka kwamba anachelewa mazoezi ya ngoma ya simba. Mwana wao Hidenori, anayeishi Saitama, alikwisha kumtafutia baba yake nafasi katika nyumba ya wazee. Alimwambia mama yake waziwazi: akitoka mara ya tatu, namchukua.

"Kitu kimoja tu ndicho kinachomtuliza," Mama Nojiri alisema. "Akiziona hizi, anakaa. Lakini kamera yenyewe inakohoa, na kanda zimeanza kuota ukungu. Nataka deki ya kuzihifadhi kwenye diski." Akaitazama kalenda ukutani, au Kurihara alidhani anaitazama kalenda. "Nasikia siku hizi ziko aina mbili. Mimi sijui. Nakuachia wewe, fundi."

Kulikuwa na sentensi moja tu ya kusema, wala haikuwa ndefu. Mama, nenda duka kubwa la barabara kuu ukanunue ile nyingine. Kurihara aliisikia ikipanda kooni. Lakini angesemaje hivyo chini ya kibao kile? Na akishasema kwa mmoja, kesho atamwambia nini wa pili? Akaongeza chai ambayo haikuwa imepungua.

"Hii yetu," akasema, "ukishaweka kitu humo, kinadumu miaka mia moja."

Hakuna aliyemtuma. Hata kijitabu cha kampuni hakikusema hivyo. Yalimtoka tu, jinsi mtu anavyosema "karibu chakula" huku sufuria ni tupu. Mama Nojiri aliinama kushukuru, na Kurihara akainama chini zaidi, maana hakutaka uso wake uonekane.

Usidhani alikuwa mlaghai. Mlaghai angepata usingizi. Kurihara alijiambia kwamba huenda kampuni ikapigana mwaka mmoja zaidi, akajiambia kwamba deki ni deki, mradi inacheza, akajiambia mengi. Kisha akafanya kazi ile kwa uangalifu ambao hata mkewe aliushangaa. Alizisafisha kanda kwa pamba, moja moja. Alizinakili dukani kwa siku nane, maana ukungu ulizifanya zikwame na kila kanda ilibidi ibembelezwe. Yasuyo, mwenye mwandiko mzuri, akaandika majina juu ya diski. Deki akaifunga mwenyewe sebuleni kwa Nojiri, na kumbukumbu ya ndani akaiacha tupu ili mzee arekodi mieleka ya sumo anayoipenda.

Diski ya saba ndiyo iliyokuwa roho ya zote. Ilikuwa sikukuu ya masika ya mwaka 1991. Simba wa Himi si mtu mmoja: ni kichwa cha mbao mbele, na nyuma yake kitambaa kirefu kilichochorwa manyoya, na chini ya kitambaa wanaume sita wanaocheza bila kuonekana ila miguu tu. Mwaka ule Nojiri alikuwa mguu wa pili, Kurihara wa tatu. Kamera aliishika Mama Nojiri, na kwa kuwa hakuwa mrefu, alichokipata vizuri ni miguu.

Walipoiweka kwa mara ya kwanza, mzee aliyekuwa akizungukazunguka chumbani akisaka kofia alisimama. Akaketi mbele ya meza fupi ya joto, akaingiza miguu chini ya mfarishi wake, akanyoosha kidole.

"Ile yangu," akasema. Dakika chache kabla ya hapo alikuwa amemwuliza mkewe yeye ni mgeni wa nani. "Ile ya nyuma ni ya Tamotsu. Tazama, inachelewa. Kila nikigeuka, inachelewa."

"Alikuwa hivyo tangu ujana," Mama Nojiri akasema, akacheka, na Kurihara naye akacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Chini ya kitambaa kile alikanyaga visigino vya Nojiri miaka kumi na miwili. Aliporudi nyumbani siku hiyo alimwambia Yasuyo kwamba kazi imekwenda vizuri mno.

Sasa yaliyofuata ndiyo yanayouma.

Jumatano ya kwanza ya Februari ilikuwa siku ya takataka zisizoungua. Kila mwezi nyumba moja hushika zamu ya kusimamia kituo cha takataka, kutandaza wavu wa kuzuia kunguru na kuhakikisha hakuna aliyechanganya chupa na makopo. Zamu ilikuwa ya Kurihara. Saa moja asubuhi alikuwa pale na glavu zake. Mifuko ya manispaa yetu huonyesha kilichomo, hakuna siri. Na katika mfuko wa tatu kutoka ukingoni aliona kanda kumi na moja, na mwandiko wa Nojiri Kanji.

Alijua mara moja jinsi ilivyokuwa: miaka mia moja. Mtu akiambiwa miaka mia moja, ana haja gani ya kuweka kanda zenye ukungu ndani?

Angeweza kuuchukua mfuko ule. Duka lilikuwa hatua ishirini tu kutoka pale. Lakini Horita muuza tofu alikuwa amesimama kando akipiga soga, na fundi akionekana anaokoa kanda alizonakili mwenyewe, atakuwa amesema nini mbele ya watu? Atakuwa amesema diski zake hazina maisha. Alijiambia lori haliji mpaka saa tatu, kwamba atarudi Horita akiondoka. Akautandaza wavu juu ya mifuko, akauvuta vizuri pembeni, akamwambia Horita theluji mwaka huu imezidi. Horita hakuondoka. Lori lilikuja saa mbili na nusu.

Tarehe kumi na tisa kampuni ikatangaza kwenye televisheni. Wakubwa wenye suti walisimama mbele ya kamera, wakaeleza kwa sauti ya chini kwamba hawatatengeneza tena deki za HD DVD. Kurihara aliizima televisheni, akakaa akikitazama kioo cheusi.

"Utakwenda lini?" Yasuyo aliuliza kutoka jikoni.

"Kwa nani?"

"Usijitie hamnazo. Utakwenda lini?"

Alikwenda asubuhi iliyofuata, suti ya misiba mwilini, keki ya kuombea radhi mkononi. Mama Nojiri alimkaribisha ndani kana kwamba amekuja kubadilisha balbu. Mzee alikuwa amelala kidogo chumba cha pili. Kurihara alipiga magoti kwenye mkeka, akaweka paji la uso chini, akasema alichokuja kukisema: kwamba aina ile ya diski imekufa, kwamba deki ikiharibika, siku moja hakutakuwa na nyingine ya kuzisoma, kwamba yeye alijua tangu Januari, siku aliyomwuzia.

Mama Nojiri aliisogeza kando ile keki.

"Inua kichwa, fundi," akasema Mama Nojiri. "Hata mimi nilijua."

Kurihara aliinua kichwa.

"Hidenori aliniambia kwa simu. Sikumwamini, nikaenda duka la barabara kuu. Kijana wa pale naye akaniambia hivyohivyo, akanipa na karatasi zenye picha. Nilirudi kwa njia ya mtoni, nizungukie kule nyuma, usinione nazo."

"Sasa kwa nini ukanunua kwangu?"

"Mwaka wa theluji kubwa nani alipanda paa letu kunyoosha antena, mume wangu akiwa amelazwa? Nani anakuja kila balbu ikifa? Ningepitaje mbele ya duka lako na boksi la watu wengine?" Alikuwa akizungusha kikombe mkononi bila kunywa. "Nikasema nitakuuliza. Ukiniambia niende kwingine, nitakwenda. Nilikuachia wewe, ukasema miaka mia moja. Basi."

"Na kanda, mama? Kama ulijua, kanda ulizitupa kwa nini?"

"Unaingia humu ndani kila mara. Siku moja ungefungua kabati utafute fyuzi, ungezikuta. Ungejua kwamba sikukuamini."

Hapo ndipo Kurihara angeweza kunyamaza, na mtu yeyote angemwelewa. Lakini alikuwa amechoka kunyamaza.

"Niliziona," akasema. "Jumatano ile zamu ilikuwa yangu. Niliziona ndani ya mfuko."

"Uliziona."

"Niliziona."

"Ukafanya nini?"

"Nikazifunika wavu."

Mama Nojiri aliinuka akaenda jikoni. Kurihara alisikia maji yakifunguliwa, yakaendelea kumwagika bila chombo kuoshwa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na sauti yake haikuwa ya kumkaribisha mtu tena. "Mimi nilikuwa na aibu, fundi. Nilitupa miaka yangu kwa sababu ya aibu. Wewe ulikuwa na nini?"

"Hiyohiyo."

"Basi tumefanya kazi nzuri sana, mimi na wewe," akasema kwa uchungu. Kisha akamwambia jambo alilokuwa ameliweka mpaka mwisho: diski ya saba imeanza kugugumiza. Mzee alikuwa amezoea kuitoa kwenye deki na kuitia mfuko wa kifuani. Anaifuta kwa mkono wa sweta, anaisugua kwa dole gumba, anaionyesha kwa watu wa posta. Humnyang'anyi asipandishe hasira. Jana picha iliganda mara nne, na mara ya nne alikuwa mlangoni akivaa viatu.

Kurihara hakuaga vizuri. Alipanda gari lake, lenye jina la kampuni ubavuni kwa herufi zilezile nyekundu, akaliendesha mpaka duka kubwa la barabara kuu, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga ila kupeleleza bei. Akanunua deki ya Blu-ray ya kampuni pinzani. Kijana wa kaunta aliuliza kama wampelekee nyumbani kwa gari lisilo na jina la duka. Wateja wengi wa mjini kwetu huomba hivyo. Kurihara akasema hapana.

Aliegesha gari dukani kwake. Angeweza kuitoa deki ndani ya boksi na kuifunga kwa gazeti, na ni kweli wazo hilo lilimjia. Akalibeba boksi kama lilivyo, maandishi yakiangalia mtaa, akapita nyumba nne mchana kweupe. Horita alikuwa mlangoni kwake. Aliliangalia boksi, akamwangalia Kurihara, kisha akaangalia mawingu na kusema huenda kesho kukawa na jua.

Nyaya zilikuwa tatu: nyekundu, nyeupe na ya manjano. Njia ile hupunguza ubora, lakini picha za kanda kuukuu hazina ubora wa kupunguza. Deki ya zamani ikacheza, mpya ikarekodi. Diski ya kwanza ikahama salama, ya pili pia. Siku ya tatu walikuwa wamemaliza kumi. Ya saba waliiacha ya mwisho, kwa kuwa haikutoka kifuani mwa mzee mpaka Mama Nojiri alipombembeleza kwa chungwa.

Kurihara aliisafisha kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni. Akaiweka. Deki ilinguruma, ikafikiri, ikaitema. Akaisafisha tena kwa maji ya uvuguvugu, akaikausha, akaiweka. Ikaitema. Mara ya sita kioo kiliandika kwamba diski haisomeki, na taa ndogo mbele ya deki ikazima.

"Simba yuko wapi?" mzee akauliza.

"Subiri kidogo, baba," akasema Mama Nojiri. "Fundi anamtafuta."

"Hakuna kusubiri. Wenzangu wapo hekaluni." Akainuka. Kwa umri wake alikuwa bado na nguvu za mtu aliyebeba milango. "Wewe ni nani? Kofia yangu umeificha wewe. Nitolee njia."

Mkewe alimshika mkono, naye akauondoa mkono ule kama anayejitoa utando wa buibui. Nje theluji ilikuwa inaanguka upya. Mama Nojiri hakulia wala hakupiga kelele. Alimtazama Kurihara tu, na Kurihara aliuelewa mtazamo ule. Mara ya tatu ingekuwa leo. Kesho Hidenori angefika na gari.

Fundi aliangalia deki mbili alizokuwa nazo, ya kampuni yake na ya wapinzani. Hakuna iliyokuwa na la kumsaidia. Basi akalishika pindo la mfarishi wa meza ya joto, akauvuta wote, vikombe vikapinduka, akajifunika kuanzia kichwani mpaka magotini. Chini yake kulikuwa na giza na joto na harufu ya maganda ya chungwa. Akainama mgongo jinsi walivyofundishwa, akaanza. Mguu wa kulia, wa kulia, geuka. Wa kushoto, chini, geuka. Hakuwa amecheza miaka kumi na moja. Goti lilimlalamikia. Hakukuwa na ngoma wala filimbi, ila soksi zake zikipiga mkeka, na yeye akijihesabia kwa sauti ya kukwaruza.

Alisikia nyayo za mzee zikisimama mlangoni. Akaendelea. Alikuwa akilia humo ndani, na alishukuru kwamba hilo nalo halionekani.

"Hiyo si miguu yangu," akasema mzee.

Kurihara hakusimama.

"Ni ya Tamotsu." Mzee alikaribia, kivuli chake kikaangukia soksi zile. "Tazama. Unageuka nilipokwisha kugeuka. Umechelewa, Tamotsu. Siku zote unachelewa."

"Ndiyo, kaka," Kurihara akasema chini ya mfarishi. "Nimechelewa. Nisamehe."

Mzee akaketi. Mkeka ulilia kidogo chini ya uzito wake, na baadaye kidogo Kurihara akamsikia Mama Nojiri naye akiketi, taratibu, upande wa mumewe.

"Rudia," akasema mzee. "Tangu mwanzo."

Kurihara akavuta pumzi, akainama, akarudia.